Asilimia 15 ya Jogoo

Kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu,

Mimi mwalimu mstaafu wa hapa Songea, niliyetia sahihi ya mdhamini katika fomu ya mpwa wangu alipokwenda Chuo Kikuu Ardhi kusoma uhandisi wa mazingira kwa miaka minne, nimeketi barazani na daftari langu kujaribu hisabu ambayo sina shaka ninyi mliifanya zamani, yaani shahada ile ina thamani ya shilingi ngapi. Kwa kuwa deni lake mnalijua hata senti, nikatumaini kwamba mkopeshaji mwenye maarifa kama ninyi hakosi kujua pia thamani ya kitu kilichonunuliwa kwa deni hilo.

Mbele ya yote, shukrani. Tangu mlipofungua milango mwaka 2005, wana wa wakulima wa mahindi ambao zamani wangaliishia kidato cha sita wamepata kuketi darasa moja na wana wa mawaziri, na jambo hilo halikanushwi ila na mtu asiye na insafu. Huruma yenu nayo si haba: makato ya mshahara yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15, bila shaka ili mdaiwa asichoshwe na urefu wa safari, na ile tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikilinda thamani ya mkopo ilipofutwa mwaka 2021, tulifurahi hata tukasahau kuuliza kwa nini mkopo uliwekewa mlinzi, ilhali shahada iliachwa ijilinde yenyewe.

Hisabu yangu ilikwama mstari wa kwanza, penye mshahara. Mpwa wangu huandika uzito wa magunia katika ghala la mahindi la mfanyabiashara mmoja kwa posho ya siku, kwa sababu kila tangazo la kazi analoliona lataka mhandisi aliyesajiliwa, na usajili wataka miaka isiyopungua mitatu ya kazi chini ya mhandisi aliyemtangulia, na kazi hiyo nayo yataka tangazo.

Wala msidhani kwamba huku kwetu kazi yenyewe ni adimu. Malori ya makaa ya mawe kutoka Ngaka hupita mjini yakielekea bandari ya Mtwara, na vumbi lake twalifuta mezani kabla ya kuandaa chakula. Urani ya Mto Mkuju, wilayani Namtumbo, ilionekana kuwa na thamani kubwa hata mwaka 2012 mpaka wa Pori la Akiba la Selous katika Urithi wa Dunia ukasogezwa kuipisha. Na Milima ya Matogoro, unakozaliwa Mto Ruvuma, ndiyo hiyo hiyo itunyweshayo sisi na kunyemelewa na majembe yetu. Mtu akiisoma Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, inayoamuru miradi ya namna hiyo ifanyiwe tathmini kabla haijaanza, atadhani mhandisi wa mazingira wa mkoa wetu wa Ruvuma hapati usingizi kwa kugongewa mlango. Kumbe aghalabu huhitajika siku ya kuomba kibali tu, na kibali kikipatikana, ripoti hulazwa kabatini na mwandishi wake hurudi kwao.

Juzi jirani yetu alikuwa akichimba choo, shimo limekwisha kumfika kifuani, upande wa juu wa kisima ambacho nyumba sita huteka maji. Mpwa wangu alivua viatu, akapima kwa hatua, akakuta hazifiki kumi. Akachuchumaa, akafinyanga udongo wa shimoni kiganjani, akamweleza yule bwana jinsi mvua za masika zitakavyouteremsha uchafu hadi kisimani, kisha akamwonyesha mahali pengine, chini ya kisima, mita thelathini na zaidi. Shimo likafukiwa. Kipindupindu ambacho kingaliingia katika nyumba zile hakitaingia, na kwa kuwa hakitaingia hakuna atakayekiona, na kisichoonekana hakina stakabadhi. Ujira wake ulikuwa jogoo mmoja mwekundu.

Hapa ndipo ninapoomba fatwa yenu. Asilimia 15 ya jogoo ni kiungo gani? Nimefikiri juu ya firigisi, ila kwa desturi hiyo ni haki ya mzee wa nyumba, naye ndiye huyu mdhamini anayewaandikia. Nimefikiri juu ya shingo na miguu, nikaona ni utovu wa adabu kuipelekea taasisi ya serikali. Ama mkisema kijana ahesabiwe kuwa amejiajiri, kanuni yenu yataka alipe si chini ya Sh 100,000 kwa mwezi, nami kwa bei ya sokoni kwetu naona ni majogoo watano, maana yake vyoo vitano vilivyochimbwa pasipofaa kila mwezi, na mtaa wetu, nasikitika kuwaarifu, hauna wajinga wa kutosha kumaliza deni.

Basi nijulisheni kama mwapokea kuku hai, na kama gharama ya kumsafirisha kwa basi ni juu ya mdaiwa au ya mdhamini.

Wenu katika dhamana,
Mwalimu mstaafu, Songea