Jaa Lililoshiba

Jaa la Dandora, Nairobi, lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001. Wakubwa wote waliipata habari. Malori pekee ndiyo hayakupata barua. Mpaka leo yanapanda mlima wa taka na kumwaga, huku korongo na waokotaji wenye magunia begani wakigombea nafasi.

Mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao makuu Gigiri, jiji hilo hilo, lilieleza kuwa nusu ya watoto wa jirani waliopimwa walikuwa na madini ya risasi katika damu kufikia kiwango cha sumu au kukipita. Ripoti ikahifadhiwa vizuri, mahali pasipofika moshi.

Mwaka 2022 ikaja sheria: kila kaya itenge taka zinazooza na zisizooza. Raia wema tukanunua mapipa mawili. Kijana wa taka anafika asubuhi, anayashukuru yote mawili, kisha anayamimina katika mkokoteni mmoja. Zilizotenganishwa na Bunge zinarudiana pale pale mlangoni, bila hata wazee wa ukoo kuitwa.