Kabati la Mninga na Maji ya Tanganyika

Mkulima wa tumbaku hana kiinua mgongo. Anastaafu siku mgongo wenyewe unapokataa kuinama. Kwa baba yangu siku hiyo ilifika mwaka 2018, huko Ulyankulu, mkoani Tabora, katika shamba alilolifyeka mwenyewe msituni akiwa kijana. Jioni alimwambia mama, "Mama Watoto, sasa turudi kwetu." Mama alikuwa anapepeta mchele, wala hakusimamisha ungo. "Kwetu ni hapa," akasema.

Kisa chetu chote kilitoka kwenye maneno hayo mawili matatu, na mpaka kitulie kilikuwa kimevunja ukuta mmoja mara mbili.

"Kwetu" ya baba ni Rumonge, nchini Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo sabini kusini mwa Bujumbura. Alitoka huko mwaka 1972. Tarehe 29 Aprili ya mwaka ule damu ilianza kumwagika Rumonge na Nyanza-Lac, na mauaji ya serikali yaliyofuata yakaenea nchi nzima. Wengi waliopona walivuka kwenda Tanzania, wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakapewa majembe na pori. Mama naye alivuka mwaka huohuo, lakini yeye ni mtoto wa mlimani, wa Bururi, na ziwa kwake halikuwa kitu cha kulilia. Alipolipata shamba la Ulyankulu alilishika kwa mikono miwili.

Mwaka 2007 na 2008 watu wa 1972 waliulizwa, familia kwa familia: mnarudi Burundi au mnaomba uraia wa Tanzania? Watu wapatao wanne katika kila watano walichagua kubaki. Baba alitaka kurudi, lakini aliandika uraia kwa ajili ya mama na wadogo zangu waliokuwa shuleni. Mimi nilirudi Rumonge na mume wangu, kwa kuwa ukoo wake wote ulikuwa unarudi. Mwaka 2014, watu zaidi ya 162,000 walipotambuliwa kuwa Watanzania, baba alipokea cheti chake, akakiweka sandukuni, akafunga kufuli. Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwa hiyo mzaliwa wa Rumonge, ambaye kitovu chake kimezikwa huko, akawa mgeni wa Rumonge kisheria.

Lilikuwepo pia jibu la tatu. Kaka yetu mkubwa alioa kwenye kambi za Kibondo, na Marekani ilipoanza mwaka 2007 kuwachukua wakimbizi wa 1972 waliokuwa kwenye kambi za namna ile, alikwenda nao. Yuko Kentucky, na ni raia wa huko, kwa hiyo sheria inamruhusu kuwaombea wazazi wake makazi. Alipiga simu akiwa na furaha ya mtoto mwema. Lakini bima ya serikali kwa wazee wa Marekani haimpokei mhamiaji mpya mpaka aishi huko miaka 5, na kaka na shemeji wote wanafanya kazi za zamu. Mama alimwuliza swali moja tu, "Asubuhi nitakuwa namwamkia nani?" Kaka hakuwa na jibu. Nilimheshimu kwa kutotunga uongo.

Basi baba akaagiza nyumba ijengwe Rumonge. Shamba la babu, lenye michikichi, lilikuwa limekaliwa na familia nyingine tangu 1972. Tume ya ardhi iliyoundwa mwaka 2006 ilikuwa imekuta kesi za namna hiyo chungu nzima katika ukanda wetu, na kwa miaka kadhaa iliwahimiza watu wagawane nusu kwa nusu. Ukoo wetu ulipata kipande, kikalelewa na baba mdogo. Baba hakutaka kujenga hapo. "Sirudi kwetu kuja kugombana na mtu kwa uzee wangu," alisema. Akatuma fedha inunuliwe parsela, yaani kiwanja, karibu na maji.

Baba mdogo aliipata, nzuri, yenye mwembe na upepo. Nilikwenda kuiona, nikampigia baba jioni ileile. Nikamweleza kwamba sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 imetenga mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika zisijengwe, na kwamba parsela hii iko ndani ya mita hizo waziwazi. Baba akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, nimekunywa maji ya kisima zaidi ya miaka arobaini. Nataka kulala nikisikia mawimbi." Baba mdogo akaongeza kwamba majirani wote wamejenga hapo na hakuna aliyebomolewa. Mkubwa akishaamua, mtoto hunyamaza, na nyumba ikasimama.

Hapo ndipo linapoingia kabati la mama.

Ni kabati la mninga, mti wa misitu ya Tabora ambao mchwa huuonja akaenda zake. Lilichongwa na fundi wa Ulyankulu mwaka tuliopata mavuno makubwa, lina vioo, lina rafu tatu za sahani, na kulinyanyua kunahitaji wanaume wanne walioshiba. Mama alikubali kuhama kwa sharti moja, kwamba kabati lihame naye. Likapandishwa kwenye Fuso pamoja na vitanda, magunia ya mchele, kinu, na kuku ndani ya tenga. Likapita Kasulu, likapanda milima ya Manyovu, likafika mpakani Mugina. Huko kila kitu kilishushwa, kikaandikwa, kikapandishwa tena. Ofisa kijana akamwuliza baba, kwa adabu kabisa, anakwenda kumtembelea nani na kwa muda gani. Baba alikaa kimya muda mrefu mpaka foleni nyuma yake ikaanza kunung'unika. Mama ndiye aliyejibu: "Anakwenda kumwona binti yake." Katika safari yote, baba alisimulia baadaye, hapo ndipo palipomuuma.

Rumonge walifika jioni, mtaa mzima ukatoka kupokea. Tulipofika mlangoni, kabati likagoma kuingia. Tulililaza, tukalisimamisha, tukaling'oa vioo. Baba mdogo akapendekeza likatwe katikati, liungwe ndani. Mama akakaa kwenye gunia la mchele, akajifunga kanga vizuri, akasema kwamba anayetaka kukata aanze na yeye. Saa mbili za usiku, kwa taa za simu, fundi mwashi akaitwa, akatoa dirisha la sebule na matofali chini yake, kabati likaingia. Kesho yake ukuta ukajengwa upya, kwa saruji nzuri kuliko ya mwanzo.

Miezi ya kwanza ilikuwa ya neema, na sipendi isahaulike kwa sababu ya yaliyofuata. Baba aliamka kabla ya adhana, akashuka mwaloni mitumbwi ikirudi na taa zake, akachagua ndagala au mukeke, akarudi akipiga soga na kila mtu. Rumonge Kiswahili ndiyo lugha ya soko, msikiti na pwani, kwa hiyo hakupata shida ya ulimi kama wanayoipata wenzake waliorudi milimani. Mama alipika mukeke kwa mawese ya humuhumu Rumonge, akakiri kwamba mawese ya Tabora hayafui dafu. Usiku mawimbi yaliimba kama baba alivyotaka.

Kisha mvua za mwisho wa 2019 zilikuja bila breki, na miaka iliyofuata zikaongeza. Tanganyika ina kina cha mita 1,470 hivi, ni ziwa la pili duniani kwa kina, na mito mingi inamiminika humo, Ruzizi ukiwa mmoja wao. Mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, upande wa Kongo karibu na Kalemie, nao husongwa na mchanga na majani. Maji yakiingia mengi kuliko yanayoweza kutoka, ziwa halina njia ila kupanda juu ya watu. Karne ya 19 liliwahi kupanda kupita kiasi cha siku hizi, mpaka mnamo 1878 Lukuga ulipojipasulia njia. Wavuvi wazee wa kwetu wanalijua jambo hilo kutoka kwa babu zao na husema ziwa linadai kiwanja chake.

Maji hayakuingia kwa mlango wa mbele. Yalianza chooni. Shimo likajaa kutoka chini, mama akaanza kuja kwetu kujisaidia, mwendo wa nusu saa, akiwa na goti bovu. Halafu mwembe ukasimama ndani ya maji, halafu jiko la nje. Wanaume wakapanga viroba vya mchanga. Usiku mmoja kiboko akapita uani akila mboga za mama, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kutoka nje giza likiingia. Baba aliendelea kusema maji yatarudi. Mama aliendelea kupandisha vitu, sahani kutoka rafu ya chini kwenda ya kati, kutoka ya kati kwenda ya juu.

Aprili 2021, usiku wa mvua na upepo wa kusini, mawimbi yaliingia sebuleni. Tuliitwa kwa simu, tukakuta maji yamefika magotini. Vitanda vikatoka, magunia yakatoka, wazee wakatoka wamebebwa mgongoni. Mama alipofika barabarani akauliza, "Na kabati?" Kila mmoja akautazama ule ukuta uliojengwa kwa saruji nzuri. Vijana wa mtaani, ambao hawana undugu nasi wowote, wakachukua nyundo wakauvunja kwa mara ya pili, gizani, ndani ya maji. Wakalitoa kabati, wakalilaza kwenye mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wakalivuta mpaka pakavu. Sahani mbili zilivunjika. Majirani wetu wengi usiku ule walipoteza kila kitu, wengine kwenye nyumba ambazo ndizo mali yao pekee, na siwezi kusimulia habari za kabati bila kuwataja.

Wazee wakahamia kwetu. Nyumba ya vyumba vitatu ikawa ya watu kumi, kabati likiwa barazani limefunikwa turubai. Mama alitaka kurudi Ulyankulu mara moja. Baba alikuwa hasemi. Alikaa upande wa baraza usioonekana ziwa. Mwezi wa pili wa kukaa kwetu presha yake ikapanda ghafla, usiku. Mume wangu akatafuta gari mtaa mzima, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameanza kuadimika nchini, tukampata mtu mwenye lita chache, tukamfikisha baba hospitali. Alilazwa. Mama alikaa naye mchana, mimi usiku, mume wangu akileta uji, wanangu wakifua. Katika siku hizo za hospitali ndipo mama alipobadili mawazo, si kwa kulipenda ziwa. Alinivuta pembeni akasema, "Kule Ulyankulu nina shamba, lakini wadogo zako wote wamekwenda Dar es Salaam na Mwanza. Usiku kama ule nani angembeba?"

Naona mama aliuona ukweli ambao wazee wengi wa kwetu wanaukwepa. Tunapozungumza kuhusu kurudi nyumbani uzeeni, tunachagua mahali pa kuzikwa, kisha tunajenga nyumba hapo. Kaburi litapatikana popote ukoo ulipo. Kati ya kustaafu na kaburi kuna miaka kumi, pengine ishirini, ya magoti, macho na presha, na miaka hiyo inamtaka mtu wa kuamka usiku. Siwalaumu wanaume wa 1972 kwa hamu yao, kwa sababu walichonyang'anywa hakikuwa kidogo, na mtu aliyenyimwa ziwa lake nusu karne ana haki ya kulitaka. Ninachokataa ni hamu ya mmoja kugeuzwa kuwa uamuzi wa wawili, na mke kupakiwa kwenye Fuso kama kinu.

Baada ya baba kupona kikafanyika kikao, safari hii mama akiwa ndani na si jikoni. Kaka alikuwa kwenye simu kutoka Kentucky, akaacha habari za Marekani na kutoa fedha za bati. Baba mdogo aliomba radhi kwa mama mbele ya watu wote. Ikakubaliwa nyumba ijengwe juu, upande wa Mutambara, jirani nasi, ndogo, choo ndani, mlango mpana. Upana ulipimwa na mama mwenyewe kwa kamba. Shamba la Ulyankulu halikuuzwa, limekodishwa kwa jirani, na kila baada ya mavuno mama huenda kulikagua na kukaa na rafiki zake wa miaka yote, kisha hurudi. Karatasi za ukaazi za baba huwa nazishughulikia mimi zinapokaribia kuisha. Ziwa analiona lote kutoka barazani, na asubuhi bado hushuka mwaloni, akirudi kwa tuktuk.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda tena kupita 2021, likafika karibu mita 777 kutoka usawa wa bahari, wakati kiwango chake cha kawaida ni 774 au 775. Ile nyumba ya kwanza ilibaki bati juu ya maji.

Kwa hiyo wewe uliye Kentucky, Dar es Salaam au Bujumbura, unayetuma fedha za kumjengea mzazi pwani ya Rumonge, Minago au Nyanza-Lac: kabla ya tofali la kwanza, tuma mtu apime mita 150 kutoka maji yalipofika 2024, si yalipo leo. Na umpigie mama simu akiwa peke yake, umwulize yeye anataka kukaa wapi.