Sifa za Mheshimiwa Mwanya

Mnazi umeshasifiwa, mkarafuu umesifiwa, jahazi limesifiwa, na taarabu imemaliza sifa za macho na mwendo. Aliyesahauliwa ni Mheshimiwa Mwanya, akaaye kati ya roka na ncha ya valvu kwenye injini ya pikipiki kuukuu. Leo na apewe haki yake.

Kwanza, cheo. Katika Honda CG125, iliyoanza kuuzwa katikati ya miaka ya 1970 na ambayo injini yake imenakiliwa na viwanda vya China mpaka ikajaa vijiweni kwetu, kimo cha Mheshimiwa ni milimita 0.08. Karatasi ya fotokopi ni nene kumzidi. Wahandisi wa Honda waliweka fito za kusukuma roka badala ya mnyororo, maana walijua wako watu ambao hata oili hawakumbuki kubadili. Walipunguza usumbufu kila walipoweza. Mwanya hawakuthubutu kumwondoa.

Pili, heshima zake. Haonani na mtu injini ikiwa ya moto. Dereva wa bodaboda ameambiwa na daktari apumzike, hakusikia. Ameambiwa na mkewe, hakusikia. Lakini siku ya kupima tapeti, yaani kumpima Mheshimiwa, pikipiki inalala ipoe, na tajiri anayedai hesabu ataingoja kesho. Hata hiyo kesho, mlangoni pana mtihani. Alama ya T kwenye sumaku hupita mara mbili katika kila mipigo minne, na ni mara moja tu ambapo valvu zote mbili zimefunga. Asiyejua hupima kwenye T ya pili, akalegeza kisichobana. Ajuaye hutikisa roka kwa kidole kwanza: zikicheza zote mbili, amekaribishwa.

Tatu, malezi. Fila, kile kibati chembamba cha kupimia mwanya, imepita kwa kusuasua kama inavyotakiwa, umetabasamu, umekaza nati. Pima tena, mwanya umebadilika. Legeza, rudia. Nati hiyo imewashusha mafundi wengi kutoka vyeo walivyojipa wenyewe.

Wapo wanaomlaumu kwa makelele, ile tak-tak-tak inayosikika pikipiki ikiwa bado kona ya pili. Ni kweli, akipanuka mno valvu huchelewa kufunguka, nguvu hupungua na vyuma hulana. Lakini amesema, tena kwa sauti. Wa kuogopwa ni Mwanya aliyebanwa. Valvu ya ekzosi hupoa inapokaa kwenye siti yake na kulikabidhi joto kwa silinda hedi. Kadiri inavyotumika huzama kidogo kidogo kwenye siti, na Mheshimiwa hupungua hadi akatoweka. Hapo valvu haifungi sawasawa, moto unapenya pembeni, ukingo unaungua. Kiki zinaongezeka asubuhi, kilima cha jana leo hakipandiki, na muda wote huo injini haitoi hata tak moja. Mwenyewe anajisifu kijiweni kwamba chombo kimetulia. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni bei ya kusaga valvu au kununua mpya.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahenga hawakuwa na pikipiki. Huku anayeziba ufa ndiye anayejenga, tena si ukuta, injini.

Na ujira wake? Hakuna. Ukimaliza kumhudumia, pikipiki haing'ai, abiria haongezi nauli, na jirani akiuliza umetengeneza nini, itabidi ujibu kwamba umetengeneza nafasi tupu. Kazi gani nyingine humfundisha mtu kutenda wema bila kupigiwa makofi?

Basi mwenye pikipiki, kesho kabla ya kiki ya kwanza, azima fila kwa fundi ukamwamkie Mheshimiwa. Ukimkuta amepanuka, mpunguze. Usipomkuta kabisa, usitoke kwenda kazini mpaka umrudishe.