Namna ya Kuipeleka Klabu ya Falaki Lick na Kurudi Bila Kuona Nyota

Kituo cha kutazamia nyota cha Lick kiko juu ya mlima Hamilton, mashariki ya San José, California, mita 1,280 hivi kutoka usawa wa bahari. Waambie wanachama kwamba California ni nchi ya jua, waje na fulana.

Kisha walishe. Barabara ya kupanda huko ilichongwa mwaka 1876 kwa ajili ya magari ya kukokotwa na farasi, na kwa kuwa farasi hapendi mwinuko mkali, wajenzi waliizungusha mlima mzima. Wenyeji husema ina kona 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Aliyeshindilia mayai na soseji ataomba gari lisimame kabla Machi haijaisha.

Mkifika, msukumeni mbele yule mjuzi wenu (kila klabu inaye). Mwongozaji ataanza kusimulia habari za James Lick, seremala aliyetengeneza piano Amerika Kusini, akaingia San Francisco Januari 1848, siku chache tu kabla dhahabu haijaonekana, akanunua viwanja wakati wenzake wanakimbilia machimboni. Hapo mjuzi amkatize aulize kipenyo cha lenzi. Ni sentimita 91. Analijua jibu, ndiyo maana anauliza.

Kwa njia hiyo mtaikosa habari tamu kuliko zote. Inasimuliwa kwamba tajiri huyo alitaka kwanza kujijengea piramidi katikati ya jiji, kubwa kuliko ya Misri. Akashawishiwa fedha ziende kwenye darubini. Alifariki mwaka 1876, na mwaka 1887 akazikwa chini ya nguzo inayoibeba darubini yenyewe. Kwangu mimi alipata faida: anayezuru piramidi anamfuata maiti, lakini wageni wa Lick wanapita juu ya mwenye nyumba, macho yakiwa kwenye Zohali, wala hawamsumbui.

Sakafu ya kuba hupanda na kushuka kama lifti ili mtazamaji afikie jicho la darubini. Msiulize inavyofanya kazi, pigeni selfi.

Foleni ina utaratibu wake. Wa kwanza akae robo saa, akidai macho yake bado hayajazoea giza. Wa pili awashe tochi ya simu kutafuta miwani, ili watu wote waanze upya kulizoea. Mwenye subira ataonyeshwa Mshtarii. Kwa darubini hiihii, mwaka 1892, Edward Barnard aliuona mwezi wa tano wa sayari hiyo, Amalthea, kwa jicho la mtu aliyeinama kwenye lenzi, bila msaada wa picha. Minne ya kwanza ilikuwa ya Galileo, tangu 1610.

Mjuzi wenu atanong'ona kwamba darubini yake ya nyumbani inaonyesha vizuri zaidi. Mwacheni. Wa kuhojiwa ni mhazini, aliyechagua usiku wa mwezi mpevu, anga lote likiwa jeupe, kwa sababu siku hiyo gari la kukodi lilikuwa na punguzo.