Kuliendea Chimbo Gizani, Kutoka Upanga Hadi Karume

Mwenye chimbo katika soko la Karume haamshwi na jua. Mabalo ya mitumba yanafunguliwa alfajiri, na shati la gredi ya kwanza halimalizi dakika mbili mezani. Kukipambazuka, waliolimulika kwa tochi ya simu wameshaondoka nalo. Basi wewe mwindaji wa Upanga, jifunze njia kwa masikio, pua na nyayo.

Alama ya kwanza iwe karibu na mlango wako. Yangu ni chemba isiyo na mfuniko: msamaria mmoja amesimika humo tawi la mwarobaini lenye kitambaa chekundu. Nakusihi, usiling'oe. Tawi lile limeokoa miguu mingi.

Ukifika kituo cha Fire, simama. Tazama njia ya mwendokasi kulia na kushoto hata kama husikii basi, kisha shika Mtaa wa Msimbazi na usikate kona yoyote mpaka Barabara ya Uhuru. Kariakoo ilipimwa tangu enzi za Mjerumani kwa mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari. Mchana ni raha, gizani mitaa ya Sikukuu na Swahili ni mapacha. Usiweke alama kwenye rangi ya fremu wala bango, maana mpangaji akihama anahama nalo, na nyumba ya uani uliyoizoea kesho ni ghorofa. Hata soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli, liliungua Julai 2021.

Alama zako ziwe watu. Muuza kahawa anayegonganisha vikombe. Mama wa vitumbua, ambaye harufu ya iliki inakupokea kabla hujauona moto wake. Wasalimie kila siku, hata siku usiyonunua. "Shikamoo mama" ndiyo itakayofanya uulizwe usipopita. Jengo la klabu ya Simba nalo ni alama nzuri, na wewe wa Yanga lishike vilevile, kiza hakina jezi.

Ukiikuta Uhuru, kata kulia, nyoosha mpaka uone tochi zinacheza chini kama vimulimuli. Umefika. Mtumba zamani ulikuwa furushi la mpagazi wa msafara, na Kariakoo ni jina lililobaki la Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Kwa hiyo wanaopita na mabalo kichwani wapishe njia. Barabara hii ni yao kabla haijawa yako.

Soko la Karume nalo liliungua Januari 2022. Niliporudi, meza zote zilikuwa zimehama na alama zangu zote zimekufa. Nilisimama gizani nikasikiliza, mpaka nikakisikia kile kikohozi kikavu cha muuzaji wangu, safu ya tatu.

"Kaka, umechelewa," akasema, akavuta kiroba kutoka chini ya meza. Mlikuwa na mashati matatu, saizi yangu.