Wingu kwa Swichi

Wanaozilalamikia bendi za sifa za siku hizi hawana shukrani. Mfalme Sulemani alijenga hekalu miaka 7 ndipo wingu likashuka, hata makuhani wakashindwa kusimama. Letu hushuka saa 3 kamili asubuhi, fundi mitambo akibonyeza swichi, na wazee wa viti vya mbele wakianza kukohoa tunajua wameguswa.

Tangu kanisa la Hillsong lianzie Sydney mwaka 1983, na baadaye Bethel ya Redding na Elevation ya Charlotte zikaingia studio, watunzi wa kwaya za mitaa wamepata likizo wasiyoiomba. Nyimbo zinakuja zimeshaiva, pamoja na machozi yake mahali panapostahili. Zina leseni ya kulipiwa pia. Maskini Daudi, zaburi zote zile na hakuwa na mshauri wa biashara!

Yeriko ilianguka siku ya saba, baada ya mizunguko 13 tu kwa jumla. Kibwagizo chetu tunakizungusha hata mara 14 na dari halitikisiki. Huo ndio ujenzi bora.

Tumsifu pia kiongozi wetu wa sifa. Jinzi yake imechanika magotini, bila shaka kwa maombi ya muda mrefu, na masikio yote mawili ameyaziba kwa vipokea sauti, asije akapotezwa na waumini wanaoimba.

Mchungaji naye hajasahaulika. Amepewa dakika 10, akiombwa tu asikanyage nyaya.