Shikamoo Shangazi, Kompyuta Imenuna

Mfuko wa barua wa Shangazi wa Mashine wiki hii umejaa kilio cha aina moja. Kompyuta inawashwa asubuhi, inaonyesha nembo, inazungusha vidoti vyake, kisha inaganda. Kabla barua haijafika sentensi ya tatu, hukumu imeshatoka: ni virusi. Kama si virusi, basi kuna mtu “ameniwekea kitu cha kunichunguza”.

Shangazi, ambaye amesuluhisha ugomvi mwingi wa watu na mashine zao bila kudai hata kilemba, anaona mshitakiwa si huyo. Programu ya kijasusi iliyotengenezwa na mtu anayejua kazi yake haipati chochote mashine ikiganda. Inataka mwenye mashine aingie vizuri, afungue barua pepe, aandike nywila ya benki, achati mpaka usiku. Mashine inayoganda kila asubuhi mara nyingi inaumwa ugonjwa mwingine, na ya kutiliwa shaka zaidi ni ile isiyolalamika.

Waliokulia kwenye Windows XP watabisha, na wana haki yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 majasusi hawakuwa na adabu. Bonzi Buddy, sokwe wa zambarau aliyeimba na kutania kwenye skrini, alikuja bure, akabadilisha ukurasa wa kwanza wa kivinjari na kumwaga matangazo; mwaka 2004 kampuni yake ililipa dola 75,000 huko Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi. Mashine moja iliweza kubeba wageni kadhaa wa namna hiyo, kila mmoja akitaka kuwaka wa kwanza, wakati RAM yenyewe haikutosha hata kwa Windows. Ndipo zikaja dawa kama OptOut ya Steve Gibson mwaka 2000, na Spybot ya Patrick Kolla. Siku hizo kuganda kulikuwa dalili ya kweli ya ujasusi. Majasusi wa leo wamejifunza kunyata.

Barua ya kwanza imetoka kwa mwenye stesheneri wa Temeke, anayetoa fotokopi, kuchapa barua na kupiga picha za pasipoti. Kompyuta yake inaganda kila asubuhi wateja wakiwa mlangoni. Fundi amempigia Windows upya, ikapona siku chache, ikaganda; akampigia tena, hadithi ikawa ile ile. Sasa bwana huyu ana hakika kwamba jirani yake, mwenye stesheneri pinzani, amemwekea programu ya kumharibia biashara. Anauliza namna ya kuiondoa, “na ikiwezekana imrudie mwenyewe”.

Kumrudishia mwenyewe si fani ya Shangazi. Hiyo ina wataalamu wake, na matangazo yao yamebandikwa kwenye nguzo za umeme. Kuhusu kompyuta, anamwomba aache kwanza kumtafuta mbaya wake na aangalie jambo moja tu: mashine inagandia wapi.

Ikigandia kwenye nembo ya kampuni iliyoitengeneza, Windows bado haijaamka, na kumlaumu kirusi hapo mara nyingi ni kumwonea. Chomoa printa, flashi, kisoma kadi cha kamera na diski ya nje, kisha iwashe ikiwa na kibodi, mausi na skrini peke yake. Kompyuta za stesheneri huwa na nyaya nyingi nyuma, na flashi moja ya mteja iliyosahaulika inatosha kuichanganya mashine, ikajaribu kuwakia humo. Tazama na saa. Ikiwa inarudi nyuma miaka kila umeme ukikatika, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye ubao mkuu imekwisha. Bei yake si ya kukosesha usingizi, lakini tarehe ikiwa mbovu hata tovuti salama zitamkataa.

Ikipita nembo na kugandia kwenye vidoti, washukiwa ni diski na draiva. Ikifika hadi picha za faili zinaonekana lakini mshale hausogei, ni zile programu zinazojiwasha zenyewe. Mpaka wa kuzitenganisha kesi hizi ni Safe Mode, ambapo Windows inaamka na vitu vya lazima tu. Zamani mtu aligonga F8. Kwenye Windows 10 na 11, anashikilia kitufe cha Shift huku akibonyeza Restart, au mashine isipofika hata hapo anaizima kwa kitufe chake mara mbili tatu mfululizo inapoanza kuwaka, mpaka ilete yenyewe ukurasa wa matengenezo. Humo anapita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha anabonyeza 4. Ikitulia kwenye Safe Mode, tatizo ni draiva au programu iliyoongezwa, na ndani ya Task Manager kuna orodha ya zinazojiwasha: azizime nusu, awashe upya, aone. Ikiganda hata humo, aangalie chuma.

Lakini mwenye stesheneri alijijibu mwenyewe bila kujua. Mwisho kabisa wa barua, baada ya kumsema jirani kurasa mbili, ametaja kwamba ndani ya boksi husikika mlio wa “ka, ka, ka”, na kwamba picha za wateja siku hizi zinachukua muda kufunguka. Hiyo ni diski kuu inayokufa. Windows ikipigwa upya, faili zinaandikwa kwenye sehemu ambazo bado ni nzima, zinakaa siku chache, kisha ugonjwa unazifikia. Anunue diski mpya ya SSD, na kabla ya kugusa kingine chochote anakili kazi za wateja mahali pengine. Asikubali fundi aanze na chkdsk kabla ya kunakili, maana kuilazimisha diski mahututi kusoma kila kona kunaweza kuimaliza. Jirani ameachiwa huru.

Mwanasheria wa Nakuru yeye ameweka antivairasi tatu, kila moja na ulinzi wake wa wakati wote, na anashangaa mashine inachukua robo saa kuamka. Kila faili linalofunguliwa linakaguliwa na walinzi watatu, nao wanakaguana wenyewe kwa wenyewe. Abaki na moja. Anayedhani mlinzi hawezi kuangusha nyumba akumbuke Ijumaa ya 19 Julai 2024, kampuni ya usalama ya CrowdStrike ilipotuma sasisho lenye kasoro na kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zikagoma duniani, za mashirika ya ndege na hospitali zikiwemo. Hapakuwa na adui yeyote. Dawa ilikuwa kuingia Safe Mode na kufuta faili lenye jina linaloanza na C-00000291, na mashine nyingi ilibidi zifuatwe moja moja kwa mkono.

Mwalimu wa Morogoro ana shida inayofahamika katika kila chumba cha walimu chenye printa moja. Alichomeka flashi yake ili achapishe mitihani, na aliporudi nyumbani folda zote zilikuwa zimegeuka njia za mkato, kila moja na kimshale kwenye kona ya picha yake na uzito wa kilobaiti moja au mbili. Kazi ya muhula mzima, anaandika, imeliwa.

Haijaliwa. Imefichwa tu. Mwalimu abonyeze kimshale kimoja kwa kitufe cha kulia cha mausi, afungue Properties na asome kilichoandikwa kwenye Target: badala ya jina la folda atakuta cmd.exe au wscript.exe likiita faili jingine lenye jina la ajabu. Kila anayebofya folda anakiwasha kirusi kwa mkono wake, kisha kirusi kinamfungulia folda halisi ili asishtuke. Mbinu hii ina ukoo mrefu. Conficker, aliyezuka Novemba 2008, alikuwa anaandika kwenye dirisha la flashi maneno ya kumwalika mtu afungue folda, kumbe anafungua kirusi. Microsoft ikaahidi dola 250,000 kwa atakayesaidia kuwakamata wenyewe, na mwaka 2011 ikasambaza sasisho la kuzuia flashi kujiwasha zenyewe hata kwenye mashine za zamani. Hapo mafundi wa virusi wakahamia kwenye njia za mkato, kwa sababu binadamu hajatolewa sasisho la kuzuia kubofya.

Aanze na kompyuta, asianze na flashi, la sivyo atasafisha asubuhi na kuchafuliwa mchana. Kwenye Windows Security achague ukaguzi wa Microsoft Defender Offline. Mashine itajizima na kujikagua kwa takriban dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakina pa kujificha. Kisha, kama flashi inasomeka kwa herufi E, aandike kwenye Command Prompt: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* na folda zake zitajitokeza. Afute vile vimshale na lile faili la jina la ajabu. Na ile kompyuta ya chumba cha walimu isafishwe siku hiyo hiyo, hata kama mwalimu mkuu atasema haina tatizo.

Barua mbili zimetoka Mombasa, zimefika siku moja, na Shangazi anashuku zimeandikwa chini ya paa moja. Mume anauliza ni programu gani anaweza kuiweka kwenye laptopu ya nyumbani asome mazungumzo ya mkewe. Mke anauliza mbona mumewe, tangu “aitengeneze” laptopu, anataja mezani mambo ambayo yeye alimwambia dada yake tu.

Mume anajibiwa kwa ufupi: hapana. Kuingia na kunasa mawasiliano ya mtu bila idhini ni kosa chini ya sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018, na akivuka Horohoro asidhani amepona, kwani Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Pete ya ndoa si idhini.

Mama anahitaji jibu refu zaidi. Kwanza asikimbilie kufuta. Anayechungulia ataona dirisha limefungwa, na kama mama ana hofu ya kupigwa, aongee na mtu anayemwamini kwa kifaa kingine kabla ya yote. Pili, ujasusi mwingi wa nyumbani hauhitaji programu yoyote ya ajabu. Afungue WhatsApp kwenye simu aangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Afungue akaunti yake ya Google aone ni mashine zipi zimeingia. Akumbuke kama kivinjari cha laptopu kimehifadhi nywila zake. Akikuta AnyDesk au TeamViewer ambayo hakuiweka, hizo ni programu halali za kuendesha mashine kutoka mbali, na ndiyo maana antivairasi inaweza kunyamaza.

Pasipoonekana kitu hapo, kuna Autoruns, programu ya bure ya Microsoft inayoorodhesha kila kinachojiwasha. Mistari ya waridi ni ya programu zisizo na saini ya mtengenezaji anayethibitika, ya njano ni ya faili zisizokuwepo tena. Waridi si hatia, ni sababu ya kuuliza. Mmoja wa waandishi wake, Mark Russinovich, ndiye aliyegundua mwaka 2005 kwamba CD ya muziki ya Sony BMG, iliyonunuliwa kihalali, ilikuwa imepanda kitu kwenye kompyuta yake na kuficha kila faili lililoanza na $sys$. Baada ya kusafisha, na kwa kifaa tofauti, mama abadilishe nywila zote. Akizibadilisha kwenye laptopu ile ile kabla ya kuisafisha, atakuwa anamsomea mumewe.

Kijana wa Mwanza amenunua laptopu ya mtumba kwa malipo ya kidogo kidogo na anauliza kama mwenye duka anaweza kumwona. Swali lake si la kichaa. Mwaka 2012 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kampuni ya DesignerWare, ambayo programu yake ilikuwa kwenye kompyuta zipatazo 420,000 za maduka ya kukodisha kwa nia ya kuuza. Ikiwashwa kwa ukamilifu ilirekodi yanayoandikwa kwenye kibodi na kuwapiga watu picha kwa kamera ndani ya nyumba zao, kisa deni. Huyu ndiye msomaji pekee wiki hii ambaye Shangazi anamruhusu kupiga Windows upya bila uchunguzi, baada ya kumaliza deni na kuhakikisha mkataba haumbani. Atumie nakala iliyopakuliwa Microsoft kwenyewe. Akitumia ya kukraki, atakuwa amemfukuza mpelelezi mmoja na kumfungulia mlango asiyemjua.

Mama wa Tabora aliona ukurasa mwekundu unaolia king’ora, ukisema mashine yake ina mamia ya virusi na apige namba iliyoandikwa. Asipige. Afunge kivinjari kwa Task Manager, basi. Genge la Innovative Marketing liliwauzia watu zaidi ya milioni moja antivairasi za uongo kwa vitisho vya aina hiyo, na mwaka 2012 mahakama ya Marekani ikamwamuru mmoja wa wahusika alipe zaidi ya dola milioni 163.

Na anayeuliza kama aendelee na Windows 10: msaada wake wa kawaida ulikoma 14 Oktoba 2025. Asipohama, asiifanyie mambo ya benki.

Watakaoandika wiki ijayo waeleze mashine inagandia hatua gani, ina umri gani, na inatoa mlio gani. Tuhuma dhidi ya mawifi zisizidi mistari miwili. Na tafadhali, msimtumie Shangazi nywila zenu. Wiki hii wameshatuma wawili, na mmoja ni mhasibu.